Poda Huzoleka

Usilie, Jeptoo.
Maji yakimwagika hayazoleki; hayo ni maji.
Poda huzoleka.
Funga mlango kwanza,
upepo wa Menengai haujui bei ya kitu.
Sasa lete ile kadi ya harusi ya mwaka jana, yenye ukingo mgumu,
uikusanye taratibu, kutoka pembeni kuja kati.

Mji huu, wanasema, jina lake lenyewe ni vumbi.
Mimi mwaka wa kumi na tisa hapa Bondeni
nawafuta watu vumbi usoni
kisha nawapaka jingine, la kulipia.

Kioo nacho kimevunjika.
Kwa hiyo chekecha kabla ya kuponda
na ukishaponda uchekeche tena,
kwa chujio la chai, lile la mpini uliokatika.
Halirudi tena jikoni.
Chembe ya kioo haionekani, ila ngozi huisikia,
na shavu la mteja si mahali pa kuigundulia.

Ponda kwa mgongo wa kijiko
hadi usisikie chenga.
Bado. Hiyo ni chenga.

Spiriti ni ya dawa, ya kusafishia kidonda,
si ile ya kuwashia jiko. Niliwahi kukosea hapo,
saluni ikanuka siku tatu.
Tone. Tone. Subiri.
Anayeanza huogopa ukavu,
humimina, akapata uji wa wimbi.
Wewe tafuta udongo wa shamba asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku,
ule unaoshikana ukiufinya
na kuachana ukiusihi.

Ngoja. Kabla hatujashindilia.
Bosibori, bi harusi wa Jumamosi, yule wa Njoro,
nimemjaribia makopo sita.
Moja lilimfanya majivu,
jingine mgonjwa wa manjano.
Waliopika rangi hizi hawakumwona.
Toa ile ya kahawia, iliyobaki kwenye kingo za kopo,
ambayo kila mtu alisema imezidi.
Kwangua robo kijiko. Changanya.
Usipake mkononi mwangu, mimi ni mweupe kwake.
Paka shingoni mwako.
Geuka kwenye mwanga.
Nyamaza kidogo nione.

Mh.

Kibati kile ni cha rangi ya mashavu iliyoisha Pasaka,
nimekipangusa kwa spiriti. Jaza, kigonge mezani mara mbili.
Kitambaa ni mgongo wa shati la shule la Ombati wangu,
limefuliwa muhula baada ya muhula likalainika.
Funga shilingi ishirini ndani yake. Bonyeza.
Si kwa hasira, kwa uzito.
Kikilowa, geuza upande mkavu, bonyeza tena.

Nilipokuwa mwanagenzi kama wewe
niliangusha ya tajiri wangu.
Ilifagiwa.
Wiki sita nilifanya kazi bila mshahara
kulipia kitu ambacho bado kilikuwepo,
kimelala tu kwenye pipa la taka.
Hakuna aliyeniambia. Labda hata yeye hakujua.

Kiache wazi juu ya kabati hadi kesho.
Usikiguse.
Najua utakigusa.

*

Umekigusa.
Alama ya kidole cha shahada, pembeni kabisa,
na ufa mmoja, mwembamba kama unywele.
Lakini tazama hapo kati:
nyuzi za shati zimejichapa humo,
wima na mlalo, mlalo na wima,
kana kwamba poda imefumwa.
Brashi ya kwanza itayafuta yote hayo.

Ufa uache.
Andika chini ya kibati: Njoro, Jumamosi.
Andika na kipimo, robo kijiko, kwa mwandiko unaosomeka,
maana yuko mwingine kama Bosibori
ambaye amekwisha kuambiwa na maduka yote kwamba hayupo.

Kisha nipe shilingi ishirini yangu.